Racor 500 yenye geji: tathmini ya fundi wa mashua, Kilifi

Ninachokitathmini hapa ni filta ya dizeli ya Racor 500, ile yenye bakuli unaloona ndani, pamoja na geji ya mvuto inayofungwa juu ya mfuniko wake. Iko kwenye mashua ya tanga ya futi 32 ninayoiangalia hapa kwenye mkono wa bahari wa Kilifi, yenye injini ya Yanmar 2GM20, silinda mbili, nguvu za farasi 18. Mwenyewe anaishi Ulaya, huja kaskazi ikishatulia, na akiondoka mashua hubaki mikononi mwangu na kijana wangu wa kazi. Filta yenyewe ni nzuri na nitaeleza kwa nini. Lakini kilichonifanya nikae niandike ni ile geji ndogo ya juu. Anayenunua filta hii akaacha geji amelipa pesa nyingi na kuacha nusu ya kazi dukani.

Kwanza mnielewe injini ya mashua ya tanga inavyoishi. Injini ya matatu inafanya kazi kutwa, mafuta yanaingia na kutoka, hayapati nafasi ya kuharibika. Yetu hulala. Upepo ukiwepo hatuiwashi. Mwenyewe akisafiri, inakaa miezi. Tangi liko nusu, na hiyo nusu nyingine ni hewa ya pwani iliyojaa unyevu. Usiku tangi likipoa, unyevu unageuka matone kwenye kuta na kutiririka chini. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa sakafuni, na pale maji yanapokutana na dizeli ndipo vijidudu huota. Aliyejulikana zaidi kati yao ni kuvu aitwaye Hormoconis resinae. Anakula dizeli, anaishi kwenye maji, na anachoacha ni uteute mweusi unaoteleza mkononi, ambao mabaharia wengi hudhani ni lami.

Mashua ikiwa imefungwa kwenye boya, uchafu wote huo umetulia na injini inawaka vizuri kabisa. Unaijaribu bandarini nusu saa, hakuna neno. Kisha unatoka msimu wa kusi, mashua inaanza kurushwa, tangi linakorogeka, na uteute unapanda kwenye mdomo wa mpira wa kuvutia. Injini inaanza kupanda na kushuka mlio, inakohoa, inazimika. Na inapenda kuzimika pale kwenye mlango wa mkono wa bahari, miamba huku na huku, tanga limeshashushwa kwa sababu ulikuwa unaitegemea injini. Hiyo ndiyo sababu ninalichukulia jambo hili kwa uzito. Mafuta machafu kwenye jenereta ya hoteli yanazima taa. Kwenye mashua yanakupeleka mwambani.

Sasa, tabia yetu mafundi. Injini ikizimika namna hiyo, wengi hukimbilia nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Najua mashua moja ambayo fundi aliyeitwa alifungua nozeli zote, zikapelekwa Mombasa kupimwa, zikarudi na bili, zikafungwa, na injini ikazimika vilevile siku ya kwanza kutoka. Nozeli hazikuwa na kosa. Mafuta hayakuwa yanafika. Injini ya dizeli yenye mgandamizo mzuri inataka mafuta masafi yasiyo na hewa ndani yake, na njia ya mafuta inaanza kwenye tangi. Kwa hiyo na uchunguzi uanzie kwenye tangi, uje mbele kidogo kidogo. Racor na geji yake vimekaa katikati ya njia hiyo, na ndiyo maana vinakuambia mengi.

Niieleze inavyofanya kazi kwa wasioijua. Mafuta yanaingia chini, yanazungushwa ili maji na taka nzito zitupwe pembeni, matone madogo ya maji yanakusanyika kuwa makubwa na kudondoka bakulini, kisha mafuta yanapanda kupita kwenye elementi ya karatasi na kutoka juu kwenda injini. Kiwanda kinasema inaweza kupitisha lita 227 kwa saa. Injini yetu hata ukiikanyaga mpaka mwisho haifiki lita 5. Kwa mtiririko mdogo hivyo sifa ya kuzungusha mafuta haina kazi kubwa. Maji yanashuka kwa uzito wake tu. Wapo watakaokuambia basi nunua ndogo, za bei nafuu, zinatosha. Kwa upande wa ujazo ni kweli zinatosha. Mimi bado nashikilia 500 kwa sababu moja: elementi inabadilishwa kutoka juu. Unafunga valvu ya tangi, unafungua mkono wa mfuniko, unaivuta elementi chafu, unaweka mpya, unajaza dizeli safi mpaka ukingoni, unafunga. Hakuna kulala kifudifudi kwenye ngama, chini kabisa ya mashua, ukifungua filta ya kukazwa kwa kuzungusha iliyokwama huku dizeli inakumiminikia kwenye kiwiko, na hakuna hewa nyingi inayoingia. Kwenye mawimbi, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Bakuli nalo lina thamani yake. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, kijana wangu anamulika tochi. Maji yanaonekana yamekaa chini na mstari kati yake na dizeli. Unafungua koki ya chini, unayatoa kwenye kopo, unafunga. Ukiona uteute mweusi umeelea kwenye mstari huo, ujue tangi linataka kusafishwa, na hakuna filta itakayokuondolea kazi hiyo. Mkinunua kwa ajili ya mashua, chukueni aina ya MA, ina kikinga cha chuma chini ya bakuli. Bakuli ni plastiki, na moto ukitokea chumba cha injini hamtaki plastiki peke yake iwe ndiyo inayozuia dizeli.

Nije kwenye geji. Inapima nguvu ambayo pampu inatumia kuvuta mafuta, na inasoma kwa inchi za zebaki, kipimo cha nguvu ya mvuto. Kwa kuwa inakaa juu ya elementi, upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa, inahesabu kila kizuizi kilicho nyuma yake: elementi yenyewe, mpira, valvu ya tangi, mrija wa kuvutia, hata tundu la hewa la tangi. Kwenye mashua yetu, elementi ikiwa mpya na injini iko kwenye mizunguko 2,800, mshale hukaa chini ya 2. Ukifika 7, nabadilisha. Kila mashua ina namba yake. Andika yako siku unapofunga elementi mpya, kwa kalamu, ukutani kabisa karibu na filta. Bila namba hiyo ya mwanzo geji haikusaidii sana.

Siku iliyonithibitishia thamani yake tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Watamu, bahari ya kusi imechafuka. Kijana akatoa kichwa mlangoni: "Ami, mshale umefika nane, na bado unapanda." Injini ilikuwa bado inanguruma vizuri, hata mlio haujabadilika. Nikamwambia apunguze mafuta. Ukipunguza mwendo, injini inadai mafuta kidogo, na mafuta kidogo yanapita kwenye elementi iliyoziba bila shida. Mshale ukashuka mpaka tano. Tukaja taratibu hivyohivyo mpaka ndani, tukatia nanga, tukabadilisha elementi maji yakiwa yametulia. Ile niliyoitoa ilikuwa nyeusi tii. Bila geji tungejua habari hiyo kwa injini kuzimika, na ingezimika tukiwa tumekaribia miamba.

Geji hiyohiyo inakuonyesha pa kutafuta. Elementi mpya na mshale bado uko juu? Kizuizi kiko nyuma, kati ya filta na tangi. Mara nyingi ni kile kichujio kidogo cha waya ambacho watengenezaji wengine huweka kwenye ncha ya mrija ndani ya tangi. Kimejaa uteute, hukioni, huwezi kukifikia baharini. Mimi nikikikuta nakitoa na sikirudishi. Kazi ya kuchuja iwe kwenye filta, mahali mkono unapofika. Mshale unapanda polepole, baada ya saa nzima ndiyo injini inalegea, na ukifungua kifuniko cha tangi unasikia hewa ikivutwa kwa nguvu? Tundu la hewa limeziba. Nyigu wa udongo hupenda sana kujenga pale kwenye mashua iliyolala. Waya mwembamba unatosha.

Na kama injini inakufa njaa lakini mshale uko chini, karibu na sifuri, usiguse elementi. Ama pampu ya kuvuta imechoka, ama kizuizi kiko mbele ya filta, ama unavuta hewa. Pampu ya 2GM20 ni ya kiwambo cha mpira, na kiwambo kikipasuka dizeli huweza kushuka kwenye oili. Toa kijiti cha oili, nusa, angalia kama kimo kimepanda. Ni jambo la dakika moja na linaokoa beringi.

Hewa ndiyo inayotesa kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo. Upande wa kuvuta, kuanzia tangi mpaka pampu, ukiwa na ufa hautoi tone hata moja. Unavuta hewa kwenda ndani. Kwa hiyo unaweza kupangusa kila kiungo kwa kitambaa cheupe, kikarudi kikavu, na bado ufa upo. Upande wa mbele ya pampu mambo ni kinyume: ufa unavuja na utauona. Kwa mashua yetu dalili zilikuwa hivi. Tangi likijaa, injini haina tatizo lolote. Likifika nusu, inaanza kuzimika, na zaidi mashua ikiwa imelalia kulia. Mshale karibu na sifuri. Bakulini, vipovu vidogo vikipanda.

Vipovu bakulini vina maana yake: hewa inaingia kabla ya filta. Kama ingekuwa inaingia kwenye mfuniko wa filta au mbele yake, bakuli lingekuwa tulivu. Nikakaza klipu zote, vipovu vikabaki. Nikachukua jerikeni safi ya dizeli, nikaiweka juu kuliko injini, nikaunganisha mpira wake moja kwa moja kwenye mlango wa kuingilia wa filta, nikaliacha tangi nje kabisa. Injini ikaenda alasiri nzima bila kukohoa. Jaribio hili la jerikeni ndilo ninaloliamini kuliko yote. Kwa mpira wa mita mbili na klipu mbili unajua kama adui yuko nyuma ya filta au mbele. Kisha nikarudisha tangi, nikaweka kipande cha mpira mwangavu baada ya kila kiungo, kimoja kimoja nikirudi nyuma. Vipovu vikaonekana mpaka kwenye tangi lenyewe. Nikautoa mrija wa kuvutia: ulikuwa na ufa mwembamba kwenye kulehemu, sehemu ya juu. Tangi likijaa, ufa umezama ndani ya mafuta, unavuta mafuta. Mafuta yakishuka, ufa uko hewani. Kabla ya hapo watu walikuwa wamebadilisha pampu na kusema injini imezeeka.

Baada ya kazi yoyote ya namna hii lazima utoe hewa. Legeza skrubu ya juu ya filta ndogo ya injini, piga mkono wa pampu ya kuvuta mpaka dizeli itoke bila povu, kaza. Mkono ukiwa mlegevu na hausukumi kitu, kamu, ile sehemu ya injini inayoisukuma pampu, imeishika. Zungusha injini kidogo ujaribu tena. Halafu skrubu ya pampu kubwa ya nozeli, halafu nati za nozeli huku stata inazungusha. Weka uso na mikono mbali na nozeli, shinikizo lake linapenya ngozi na dizeli ikiingia mwilini ni hospitali siku hiyohiyo. Na hili nalisisitiza kwa kila kijana ninayemfundisha: ukizungusha stata muda mrefu bila injini kuwaka, funga valvu ya maji ya bahari. Pampu ya maji inaendelea kujaza silensa, hakuna moshi wa kuyasukuma nje, na maji yakijaa yanarudi kwenye silinda. Injini ikishawaka, fungua valvu hapohapo. Nimeona injini nzima zikifa kwa maji ya bahari kwa sababu ya shida iliyoanza kama kipovu cha hewa.

Kuhusu elementi: kuna za maikroni 2, 10 na 30 (namba ikiwa ndogo, inachuja taka ndogo zaidi), za 2 ni za kahawia, za 10 za buluu, za 30 nyekundu. Kwa 500 unataka zinazoanzia na namba 2010. 2040 ni ya 900 na 2020 ni ya 1000, na muuzaji asiyejua atakupa yoyote. Mimi nafunga ya 10. Ya 2 ni nyembamba mno kwa filta ya kwanza, inaziba mapema, na kuchuja kwa mwisho ni kazi ya filta iliyo kwenye injini. Za 30 naziweka akiba kwa ajili ya siku tangi limechafuka na unachotaka ni kufika tu.

Kuweni macho na za bandia. Kuna duka moja, silitaji, liliniuzia elementi zenye boksi linalofanana kila kitu na za kweli. Karatasi ilikuwa imelegea kwenye gundi, na ukiibonyeza katikati unahisi nafasi. Za kweli huja na gasketi mpya ya mfuniko na oringi ya mkono ndani ya boksi. Zile zilikuwa na gasketi ngumu isiyokunjika. Gasketi hiyo ikikaa vibaya, filta nzima inakuwa ndiyo mlango wa hewa. Ipake dizeli kabla ya kuiweka na ukaze kwa mkono, sio kwa spana. Mombasa, elementi za kweli hupatikana kwa wanaouza vipuri vya jenereta na vya boti. Nunua unapoifungua boksi palepale kaunta.

Kuna visivyowezekana kwa filta hii na ni haki msomaji avijue. Haitoi mafuta ya taa yaliyochanganywa. Kenya ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ilikuwa kwa ajili ya kuua biashara hiyo, kwa sababu tofauti ya bei ndiyo iliyokuwa inawavuta wachanganyaji. Pampu ya nozeli inalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiipa mafuta mepesi inajikwangua, na hakuna karatasi itakayozuia. Pia haisafishi tangi. Ukimwaga dawa ya kuua vijidudu, vinavyokufa vinashuka vyote pamoja na kukuzibia elementi moja baada ya nyingine, kwa hiyo usimwage dawa kisha ukaenda safari. Kwanza nyonya sakafu ya tangi kwa mrija mwembamba kupitia tundu la kijiti mpaka itoke dizeli inayong'aa, ndipo uweke dawa. Na mafuta tunayobeba kwa mitungi kutoka kituo cha mjini yapite kwenye faneli yenye wavu unaozuia maji. Tangi tunaliacha limejaa mwenyewe anapoondoka, ili hewa yenye unyevu ikose pa kukaa.

Bei ni kubwa. Filta aina ya MA pamoja na geji ni sawa na dizeli ya msimu mzima kwa mashua kama yetu, na mwenyewe alipoiona hesabu alinipigia simu kuuliza kama kweli inahitajika. Nilimpigia picha ya ile elementi nyeusi na picha ya geji ikiwa kwenye nane, nikamtumia. Akatuma pesa za geji ya pili ya akiba.

Kwa mwenye ngalawa yenye injini ndogo ya nje ya petroli, hii haimhusu. Kwa mwenye mashua au jahazi yenye dizeli ya ndani, hata ile inayobeba watalii jioni tu na kurudi, naipendekeza kwa moyo wote, kwa mpangilio huu wa ununuzi: geji na filta pamoja, elementi za maikroni 10 zisizopungua nne, mbili za 30, mita mbili za mpira wa mafuta na klipu zake, na jerikeni moja safi isiyotumika kwa kitu kingine. Ifungwe mahali unapoweza kuona bakuli na kusoma geji bila kuondoa ngazi ya kushukia. Yetu iko ubavuni mwa ngazi, kimo cha goti, na kijana anaisoma akiwa bado ameshika usukani kwa mguu.